Chuo cha Tudor na Neno "Tu"

Hotuba kwa wazazi na vijana waliofika kujisajili katika vyuo vya ufundi vya kaunti



Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, kuna swali linalorudi. Mzazi humtazama mtoto aliyepata alama ya D, kisha huuliza kwa sauti ya chini: "Sasa huyu ni chuo cha ufundi tu?" Tatizo liko kwenye hilo neno "tu". Limewafungia vijana wengi nyumbani mwaka mzima wakisubiri kurudia mtihani, na wengine hawarudii kamwe. Ajabu ni kwamba linasemwa hapa Mombasa, mji ambao chuo kikuu chake cha umma kilianza kama shule ya mafundi.

Wanaopita Tudor kwa matatu wanakijua Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kando ya barabara ya Tom Mboya. Wengi wanakijua kwa lango lake na kwa vijana wanaovuka barabara na mikoba mgongoni. Habari ya jinsi kilivyofika hapo inajulikana kidogo sana.

Wazo lake ni la miaka ya 1940. Wakati huo elimu ya kisasa nchini ilikuwa mikononi mwa wamishenari kwa kiasi kikubwa, na wazazi wengi Waislamu wa Pwani walihofia kuwapeleka watoto wao huko, wasije wakabadilishwa dini. Hofu hiyo ilikuwa na gharama. Kazi za bandarini, za reli na za serikali zilitaka watu wenye masomo na ujuzi, na vijana wa mwambao walikuwa wakiachwa nyuma mbele ya macho ya wazee wao.

Ndipo ikaundwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo wazee bado wanaiita MIOME kwa herufi za jina lake la Kiingereza. Ilipata uhai wa kisheria mwaka 1948. Michango ilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamii ya Mabohora na mfuko wa maendeleo wa serikali ya kikoloni. Ardhi ilitolewa na wakfu wa Sheikh Khalifa bin Ghalib. Msishangae kumsikia Sultani akichangia chuo cha Mombasa: ukanda huu wa Pwani ulihesabiwa kuwa milki yake, ukisimamiwa na Waingereza kwa mkataba, hadi mwaka 1963.

Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na hata Somalia iliyokuwa chini ya Waingereza. Hebu fikirieni safari yenyewe. Kijana anaagana na mamake Unguja, anavuka bahari, anateremka Mombasa ili akasomee ufundi. Hakuna aliyemwambia kwamba anakwenda kusoma ufundi "tu". Familia ilijua kwamba akirudi, atarudi na kazi mikononi.

Lakini chuo hicho kilikuwa na mlango mwembamba, kwa kuwa kilijengwa kwa ajili ya Waislamu peke yao. Nchi ilipopata uhuru, jambo hilo halingeweza kuendelea. Mwaka 1966 kikafunguliwa kwa Wakenya wa dini na makabila yote, na jina likabadilika kuwa Taasisi ya Kiufundi ya Mombasa. Mwaka 1972 kikapanda tena, kikawa Mombasa Polytechnic, chuo anuwai cha pili cha kitaifa baada ya kile cha Nairobi. Kwa miaka thelathini na mitano iliyofuata, jina hilo la Poli lilitosha. Ukisema umetoka Poli, mwajiri alijua umeshika spana, si kalamu peke yake.

Mwaka 2007 kikafanywa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, na Januari 2013 kikapewa hati ya kujitegemea. Leo kina matawi Kwale na Lamu.

Hapo ndipo penye jambo la kuzungumzwa waziwazi. Poli ya Mombasa na ile ya Nairobi zilipogeuzwa vyuo vikuu, watu wengi walishangilia, na walikuwa na haki. Mtoto wa Pwani hakulazimika tena kwenda bara kutafuta shahada ya uhandisi. Hata hivyo, wapo waliouliza swali ambalo halikupendeza sherehe: kila chuo cha mafundi kikipanda kuwa chuo kikuu, fundi atafundishwa wapi? Jengo moja linahitaji mhandisi mmoja wa kuchora, lakini linahitaji waashi, mafundi wa mabomba, mafundi umeme na wachomeleaji kwa makumi. Mhandisi asiye na mafundi hodari hubaki na michoro yake.

Ni kweli kwamba chuo cha Tudor hakikuacha diploma, na mwaka 2016 chuo kingine cha hapa Mombasa, Kenya Coast, kilipandishwa kuwa chuo anuwai cha kitaifa. (Hiki ndicho kilichokuwa kikiitwa Mombasa Technical Training Institute. Majina haya yamewachanganya watu wengi, na si kosa lao.) Lakini ngazi ya chini kabisa, ile ya kijana anayeanza kushika nyundo, Katiba ya 2010 iliikabidhi kwa serikali za kaunti. Vyuo vya ufundi vya vijijini na mitaani ni jukumu letu. Paa likivuja au cherehani zikikosa sindano, mlango wa kugonga ni wa kaunti, na wananchi wana haki ya kuugonga.

Kwa hiyo vijana, sikilizeni jinsi ngazi yenyewe ilivyo. Shahada inataka C ya kujumlisha. Diploma inataka C ya kutoa. Cheti kinataka D. Chini ya hapo kuna mafunzo ya fundi stadi, na katika vyuo vyetu vya kaunti hata aliyeishia darasa la nane hupokelewa. Ukimaliza, unaweza kufanya mtihani wa ufundi wa serikali, kuanzia daraja la tatu, kisha la pili, kisha la kwanza. Aliyeanzia chini anaweza kupanda mpaka diploma, na kutoka diploma mpaka shahada. Ni safari ndefu, ila njia haijazibwa.

Na maisha ya chuoni? Waulizeni waliotangulia. Asubuhi ni mahamri na mbaazi kibandani nje ya lango, halafu karakana mpaka jua linapopinda. Mikono hunuka grisi. Wiki za kwanza kila mtu hukata chuma kombo. Mkufunzi hakipi alama kwa huruma, hukutupia kipande kingine uanze upya. Mabweni hayawatoshi wote, kwa hiyo wengi hukodi chumba wawili wawili na kupika kwa zamu, na ugomvi wa nani kamaliza gesi hauishi. Kisha huja miezi ya mafunzo nyanjani, bandarini, hotelini au gereji, ambako wengi hugundua kwa mara ya kwanza kwamba wanaweza kazi. Kwa wasichana wanaotaka umeme au mitambo, mlango ni huohuo na ovaroli ni hizohizo. Wazazi, msiwageuzie njia wakifika nyumbani.

Liko pia jambo la mafundi wa jua kali waliopo hapa, waliojifunza kwa kutazama na hawana karatasi yoyote. Serikali imeanza utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi aliyekarabati injini za boti miaka ishirini hahitaji kuketi na wanafunzi kufundishwa injini ni nini. Anahitaji kupimwa, apewe cheti, aweze kuomba zabuni.

Meza za usajili ziko upande wa kulia, chini ya miembe. Leteni cheti cha kuzaliwa na matokeo ya mtihani wa mwisho mliofanya. Aliyepoteza karatasi asirudi nyumbani, apite kwanza meza ya mwisho. Fomu za basari ziko hapohapo, na hakuna malipo ya fomu. Mtu yeyote akiwadai hata shilingi hamsini, mwiteni mkufunzi aliye karibu.