Studio Ndogo ya Nyumbani: Tuanzie Wapi?

(Hotuba iliyotolewa na mwalimu wa shule ya msingi katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)



  Mada niliyopewa ni jinsi ya kuanzisha studio ndogo ya kurekodi muziki nyumbani, kwa mtu anayeanza. Kama mnavyojua, mada hii ilitoka kwa vijana. Walikwenda kwenye Kamati wakaomba ile stoo iliyo nyuma ya ukumbi iwe studio. Wazee wakauliza, tena waliuliza kwa haki: studio ya nini, wakati vitabu vya shule vinalowana kwa kukosa pa kuwekwa? Leo nitajaribu kuzijibu pande zote mbili.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita bibi mmoja wa kijiji chetu hapa kambini aliniimbia nyimbo za kubembeleza watoto na za kumsindikiza bibi harusi, alizojifunza kwa mama yake kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Nilizirekodi kwa simu, nyimbo kumi na moja. Sikuzinakili mahali pengine. Baada ya wiki chache memori kadi ikaharibika, zikapotea zote. Nikasema nitarudi kwa bibi Jumamosi. Jumamosi ikawa mwezi, mwezi ukawa miezi mitatu, bibi akafariki. Siku ya matanga mjukuu wake akaniuliza, "Mwalimu, si wewe unayo sauti ya bibi?" Sikuwa na la kumjibu.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo sababu ya studio. Wenzetu wanaondoka hapa kila mara. Wengine wanarudi nyumbani, wengine wanapelekwa nchi nyingine, wengine tunawazika. Kila anayeondoka anaondoka na nyimbo zake.

STUDIO SI MITAMBO

Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, alizunguka Kongo akiwa na mitambo yake ya kurekodi ndani ya gari. Katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, kule Katanga, alimkuta kijana mpiga gitaa, Mwenda Jean-Bosco. Akamrekodi, na wimbo wake "Masanga" ukapita mipaka ya Kongo. Mwaka 1954 Tracey alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, na maktaba hiyo ipo hadi leo. Mwenda alifariki mwaka 1990, lakini gitaa lake la mwaka 1952 bado linasikika.

Linasikika kwa sababu mpigaji alikuwa hodari, kipaza sauti kilikaa mahali pake, na nakala ilitunzwa. Mambo hayo matatu hayahitaji jumba la kifahari. Hata simu ya mkononi ya leo inaweza kuyaanza.

CHUMBA

Jambo la kwanza ni chumba. Ingia katika chumba kitupu, piga kofi moja kali, usikilize. Kama kofi linarudi likilia kama bati, sauti ya mwimbaji nayo itarudi hivyo hivyo, na hakuna kompyuta itakayouondoa mlio huo vizuri baadaye. Kama kofi linakufa pale pale, hapo panafaa.

Nilifanya jaribio hili katika ile stoo. Kuta ni za saruji na paa ni la bati. Kofi lililia kama ndani ya pipa. Mvua ikinyesha humo hamtasikilizana hata kwa kupiga kelele. Kisha nikapiga kofi katika nyumba ya kawaida ya matofali ya udongo, paa la nyasi, ndani mna kitanda, magunia na nguo zilizotundikwa. Kofi lilikufa pale pale. Nyasi na nguo humeza sauti. Saruji na bati huirudisha.

Kwa hiyo, vijana wangu, nyumba zenu ni studio nzuri kuliko stoo. Tundikeni mablanketi mazito nyuma na pembeni mwa mwimbaji, yakae mbali na ukuta kama upana wa kiganja, kwa maana blanketi lenye nafasi nyuma yake humeza zaidi. Msihangaike na trei za mayai. Watu wengi huzibandika ukutani wakidhani zinazuia kelele. Hazizuii. Kelele za nje hupita penye upenyo, basi zibeni mlango na dirisha kwanza.

Chagueni pia saa. Mimi ni mwalimu, najua: saa 3 asubuhi watoto wako darasani na vijiji vimetulia. Chagueni nyumba iliyo mbali na mashine ya kusaga na bomba la maji.

VIFAA

Anayeanza na simu aiweke kwanza katika hali ya ndegeni ili isilie katikati ya wimbo. Asiishike mkononi, bali ailaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, upande wa kipaza sauti ukimwelekea mwimbaji.

Mkipata uwezo wa kusogea mbele, vifaa vya lazima ni vitano: kompyuta ya kupakata, kadi ya sauti ya nje, kipaza sauti na waya wake, stendi, na visikilizio vinavyofunika masikio. Programu ya kurekodia haina haja ya kununuliwa. Ipo Audacity, inayotolewa bure tangu mwaka 2000, na inatosha kabisa kwa mwanafunzi.

Vipaza sauti viko vya aina nyingi, lakini kwa leo shikeni aina mbili. Kuna vya jukwaani, kama Shure SM58 iliyotoka mwaka 1966. Hivi ni vigumu, na hupokea zaidi sauti iliyo karibu. Kuna na vya studio, ambavyo kwa kawaida huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti. Hivi husikia hata jogoo wa jirani. Kwa mazingira yetu anzeni na cha jukwaani. Cha studio kitawafaa baadaye, kwa mfano mkitaka kuwarekodi ndugu zetu wa Burundi wanaopiga inanga huku wakiimba kwa kunong'ona.

Kuhusu umeme, tufanye hesabu ya darasani. Betri ya sola ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ili isife mapema, tumieni nusu tu, yaani 600. Kompyuta ikila wati 50, mna saa kumi na mbili kwenye karatasi, na pungufu ya hapo kwa sababu kibadilisha umeme nacho kinakula. Hiyo ni kazi ya siku nzima bila ngurumo ya jenereta.

KUREKODI

Mwimbaji mmoja asimame shubiri moja kutoka kwenye kipaza sauti, nacho kisogezwe kidogo pembeni ya mdomo, kwa sababu herufi P na B hutoa pumzi inayopiga kama ngumi. Soksi nyembamba safi, ikivutwa juu ya duara la waya, hupunguza pumzi hiyo.

Kwa gitaa, elekezeni kipaza sauti pale shingo inapokutana na tumbo, si kwenye tundu lenyewe, maana tunduni sauti hububujika ikawa nzito mno. Ngoma ipeni mita moja au zaidi.

Kwaya ipangwe nusu duara, kipaza sauti kikiwa mbele yao kama mita mbili, juu kidogo ya vichwa vya mstari wa kwanza. Sauti ya kwanza ikizidi, msikimbilie kompyuta. Warudisheni nyuma hatua moja, besi wasogee mbele. Kupanga watu ni bora kuliko kupanga vitufe. Mkiwa na vipaza sauti viwili, umbali kati yake uwe mara tatu ya umbali wa kila kimoja kutoka kwa waimbaji, ili sauti zisikinzane.

Kwenye kompyuta, chagueni vipimo 44,100 kwa sekunde na biti 24. Mwimbieni mstari wenye sauti kubwa kuliko yote mkitazama kipimo: kilele kisipite desibeli -12. Kikigusa sifuri, sauti inakatwa kichwa, na kichwa kilichokatwa hakirudi. Wimbo wa chinichini unaweza kuongezwa baadaye.

Mwisho, msijaze mwangwi. Mwangwi ni kama chumvi: mlaji akiutambua, umezidi.

KUTUNZA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi ni shahidi wa methali hiyo.

Kwanza, kila rekodi ianze kwa mtu kusema tarehe, lugha, jina la wimbo na wanaoimba. Pili, hayo hayo yaandikwe katika daftari la studio, kama tunavyoandika mahudhurio. Tatu, hifadhini rekodi ya awali bila kuibana. Kwa vipimo nilivyotaja, dakika moja ya kipaza sauti kimoja ni kama megabaiti 8. Nakala ya kutumiana kwa simu ndiyo ibanwe iwe MP3. Nne, pawe na nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na ya tatu kwenye diski nyingine iliyo kijiji kingine kabisa. Nyumba zetu ni za nyasi. Moto ukiingia kijiji kimoja, nyimbo zisiungue zote.

RUHUSA

Jambo la mwisho ni zito kuliko mitambo. Mzee akiimba, sauti ni yake. Mwulizeni kabla ya kuwasha chombo: wimbo huu usikike na nani? Zipo nyimbo za jando na za misiba ambazo si za kupigwa sokoni. Na tusisahau sisi ni nani. Wapo miongoni mwetu waliokimbia watu wanaowatafuta hadi leo. Mtu wa namna hiyo asitajwe kwa jina lake wala kijiji alichotoka. Mwandikeni kwa jina analolichagua mwenyewe, na daftari lenye jina la kweli lisiwepo kabisa.

Kwaya nazo ziandikiane makubaliano mapema: nani anashika rekodi, na pesa ikipatikana inagawanywaje. Nimeshuhudia marafiki wakigombana kwa ajili ya wimbo wa kumsifu Mungu.

OMBI LANGU

Ndugu Mwenyekiti, sasa nirudi kwenye ile stoo. Ushauri wangu ni kwamba stoo ipewe vitabu vya shule. Wazee wameshinda hapo, na ninadhani vijana hawajashindwa, kwa sababu chumba walichokihitaji wanacho tayari majumbani mwao. Badala yake naiomba Kamati vitu vitatu: sanduku la chuma lenye kufuli, daftari moja gumu, na ruhusa ya kuweka nakala ya tatu katika ofisi ya Kamati. Vifaa vingine vijana wataanza na walivyo navyo. Haba na haba hujaza kibaba.

Nanyi vijana nawapa masharti. Kabla hamjarekodi nyimbo zenu za mapenzi, ambazo najua ni nzuri, kila mmoja arekodi kwanza mzee mmoja wa nyumbani kwake. Babu, bibi, shangazi, yeyote mwenye wimbo usioimbwa tena. Msiseme Jumamosi. Mimi nilisema Jumamosi.

Yule mjukuu wa bibi yupo hapa leo, yuko darasa la sita. Juzi nilimwuliza kama anakumbuka wimbo wowote wa bibi yake. Akaniimbia mmoja, ubeti mmoja na kiitikio. Mmoja kati ya kumi na moja. Tumeurekodi, sasa una nakala tatu, na katika daftari ndio namba moja.