Makaburi ya Tengeru na Mapadre wa Tunka



Kamati imetuomba tuseme kidogo juu ya makaburi ya Wapolandi pale Tengeru, kwa sababu watoto wanauliza na wengi wetu tunajibu kwa kubahatisha. Watu hao walitolewa kwao mwaka 1940 wakati wa vita, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan, wakatokea Iran, na kuanzia 1942 watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, wakakaa kambini hapa kwetu.

Lakini Siberia waliijua tangu enzi za babu zao. Baada ya uasi wa 1863 dhidi ya mfalme wa Urusi, mapadre wengi Wakatoliki walihamishiwa huko. Kuanzia 1866 takriban 150 kati yao walikusanywa Tunka, kijiji cha bondeni katikati ya milima, magharibi mwa ziwa Baikal. Walikatazwa kazi yao ya upadre, na polisi waliwaangalia. Hapo padre msomi akajifunza kushona viatu, useremala, kulima viazi. Tusidanganyane, waligombana pia. Wanaume 150 kijiji kimoja, kila mmoja amezoea kusikilizwa! Hata hivyo mgonjwa aliuguzwa na wenzake. Miaka ya 1870 wengi waliruhusiwa kuondoka, lakini kwenda sehemu nyingine za Urusi, si kwao. Wengine wamezikwa hukohuko.

Sisi Wameru habari hii hatuhitaji kutafsiriwa. Novemba 1951 watu wetu wapatao 3,000 walitolewa Engare Nanyuki na nyumba zao zikachomwa moto. Wazee, ambao hata wao hawakuwa na kitu, walichanga, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kutusemea. Baadhi ya waliochanga ni baba na mama wa waliokaa viti vya mbele leo.

Tunachoomba sisi ni kidogo kuliko hicho: bati na mbao za wodi ya wazazi. Kuta zimesimama tangu mwaka jana bila paa, na mvua za masika zilizopita zimekwisha kula kona moja. Mama mjamzito wa juu mlimani bado anateremshwa usiku kwa pikipiki.

Mweka hazina amekaa meza ya mlangoni na kitabu cha risiti. Ahadi nazo zinaandikwa, ila waliobaki na ahadi za mwaka jana waanzie hizo.