Taa Moja Yatosha Kuutendea Haki Uso wa Mtu

Mzee atokaye shamba kwenda mjini kupigwa picha haendi kwa mchezo. Huvaa kanzu iliyofuliwa ikapigwa pasi, huiweka kofia yake sawasawa, hulipa fedha yake, kisha huketi kimya mbele ya kamera. Lakini aipokeapo picha yake, mara nyingi huona jambo la kusikitisha. Kanzu imetoka nyeupe kama chokaa, hata mishono yake haionekani. Na uso umekuwa kama kipande cha mkaa, usio macho wala makunyanzi ya umri. Mpiga picha humwambia kwamba ndivyo kamera ilivyo, naye mzee huichukua picha akaenda zake. Siku atakapofariki, hiyo ndiyo picha watakayoitazama wajukuu, wala hawatamwona babu yao ndani yake.

Maneno ya mpiga picha huyo si kweli. Kosa si la rangi ya mzee. Kosa ni tofauti ya nuru na kivuli iliyoachwa bila kutawaliwa, na tofauti hiyo yaweza kutawaliwa kwa taa moja tu. Wako wadhanio kwamba pasipo taa tatu au nne hakuna picha njema. Lakini jua nalo ni taa moja. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mwaka 1948 mjini Bamako, ambao leo ni mji mkuu wa Mali, alipiga picha zake nyingi uani kwa mwanga wa jua. Picha hizo zimetundikwa katika majumba ya sanaa ya Ufaransa na Marekani.

UKINGO WA KIVULI NA WEUSI WAKE

Jambo la kwanza lipasalo kufahamiwa ni kwamba kivuli kina sifa mbili, na wengi huzichanganya. Sifa moja ni ukingo wake: kivuli cha pua chaweza kukatika ghafula kama kilichokatwa kwa kisu, au chaweza kufifia polepole shavuni. Sifa ya pili ni weusi wake: ndani ya kivuli mtu aweza kuiona ngozi, au asione kitu.

Ukingo hutegemea ukubwa wa taa mbele ya yule aliyeketi. Glopu tupu ni ndogo, na kivuli chake ni kikali. Lakini ikiwekwa nyuma ya kitambaa cheupe chepesi, kilichowambwa katika fremu ya mbao yenye upana wa futi 3, nuru hutoka katika kitambaa chote na ukingo wa kivuli hulainika. Kitambaa kikisogezwa karibu na uso, ulaini huzidi. Kikipelekwa mbali, ukali hurudi. Ila kitambaa kisiguse glopu wala kisiikaribie mno, kwa maana glopu yenye nguvu hupata moto uwezao kukiunguza.

Weusi wa kivuli ni jambo jingine. Huo hutegemea nuru irudiyo kutoka upande wa pili wa uso. Katika chumba chenye kuta nyeupe nuru hugonga ukuta ikarudi; katika chumba chenye kuta nyeusi hairudi, na kivuli huwa kama shimo. Kwa hiyo chombo cha pili cha mpiga picha si taa nyingine, bali ni shuka jeupe. Likitundikwa futi 2 kutoka shavu lililo gizani, hurudisha nuru humo. Likisogezwa nyuma hadi futi 4, nuru hiyo hupungua. Likiondolewa na mahali pake kutundikwa kitambaa cheusi, kivuli huzama kabisa. Wazee husema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Katika kazi hii taa ni kidole cha kwanza, na shuka ni cha pili.

Mwenye kipima mwanga hana haja ya kubahatisha. Akikishika penye shavu la nuru kikasoma f/8, na penye shavu la kivuli kikasoma f/5.6, basi upande mmoja umepata nuru mara 2 ya mwenzake. Huo ni uso mtulivu ufaao picha ya cheti. Kikisoma f/4 kivulini, nuru ni mara 4, na hapo sura ya mtu mzima hupata kina chake. Kikisoma f/2.8, nuru ni mara 8, na yule asiye mzoefu aweza kuupoteza upande mzima wa uso.

UMBALI WA TAA

Nuru ya taa hupungua upesi kuliko watu wadhanivyo. Umbali ukizidishwa mara 2, hubaki robo; ukizidishwa mara 3, hubaki sehemu moja katika 9. Taa ikiwa futi 3 kutoka usoni, na pazia la nyuma likiwa futi 6 nyuma ya mtu, pazia hilo hupata sehemu moja tu katika 9 ya nuru iangukayo usoni. Kwa mtu mwenye nywele nyeusi hili ni jambo la hatari, maana kichwa chake huzama gizani. Taa ikirudishwa hadi futi 9, pazia lililo palepale hupata zaidi ya theluthi moja, na umbo la kichwa huonekana tena. Njia nyingine ni kumsogeza mtu karibu na pazia, au kutundika pazia la rangi nyepesi.

KANZU NA USO

Sasa na aketishwe tena yule mzee. Kanzu yake hurudisha nuru nyingi kuliko ngozi yake, na kamera ijipimiayo yenyewe huiona kanzu ikadhani kwamba mwanga umezidi. Basi huupunguza, na uso ndio ulipao deni. Dawa ya kwanza ni kupima penye uso, si penye kanzu.

Dawa ya pili ni mahali pa taa. Iinuliwe juu kidogo ya kichwa, kati ya mbele na ubavuni, mpaka kivuli cha pua kiungane na kivuli cha shavu, na pembetatu ndogo ya nuru ibaki chini ya jicho la upande wa giza. Namna hii huitwa kwa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi aliyeishi tangu 1606 hadi 1669, kwa sababu nyuso nyingi alizozichora zimeangazwa hivyo. Taa isipande mno, la sivyo macho yatafunikwa na kivuli cha nyusi.

Dawa ya tatu ni kipande cha ubao au kitambaa cheusi, kiwekwe kati ya taa na kifua, nje ya picha. Kanzu hupata kivuli, uso haupati, na mishono ya kanzu huonekana.

Tena ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao. Taa pana huweka mng'ao mrefu na mpole juu ya paji na shavu. Taa ndogo huweka madoa makali. Kwa hiyo jasho lifutwe, na kitambaa kisogezwe karibu. Poda ya kumfanya mtu mweupe haihitajiwi.

Ni vema pia kukumbuka kwamba vifaa vyenyewe havikuwa na haki siku zote. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak iliwapa mafundi wa kusafisha picha za rangi kadi za kulinganishia zenye sura ya mwanamke Mzungu, na kwa miaka mingi ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilitoka katika miaka ya 1990.

Siku hizi kamera huonyesha picha papo hapo, na udhuru umekwisha. Mpiga picha na aitazame picha ya kwanza kabla mzee hajainuka kitini. Akiona macho hayaonekani, asiseme kwamba ndivyo kamera ilivyo. Alisogeze shuka, aishushe taa kidogo, apige tena.