Kuwatia Watumishi Moyo Wakati wa Dhiki
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimetakiwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analijua kwa mfuko wake mwenyewe, yaani jinsi ya kuwatia watumishi moyo wakati fedha ni haba na vitu ni ghali.

Dhiki ya namna hii si ngeni kwetu. Chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka 1922, na Martin Kayamba ndiye aliyekiongoza. Miaka kumi haijatimia, bei za mkonge na kahawa zikaanguka baada ya mwaka 1929. Mapato ya Serikali yakapungua, na watumishi wakapunguzwa. Katika siku zetu, vita ya Ukraine ya mwaka 2022 ilipandisha bei ya mafuta, ngano na mbolea. Nauli na unga zikafuata, bali mshahara wa karani haukuwa na miguu ya kuzifuata.

Basi mkuu wa sehemu atafanya nini, naye hana fedha ya kugawa? Wengine hudhani maneno matamu yatosha. Sivyo. Wahenga walisema, Mkono mtupu haulambwi. Mwenye watoto wenye njaa hashibi kwa hotuba, hata hii yangu. Lakini yako mambo matatu yasiyohitaji fedha, nayo hulinda moyo wa mtu.

La kwanza ni kusema kweli mapema. Ikiwa hakuna nyongeza mwaka huu, watumishi waambiwe na mkuu wao, wala wasisikie kwa tarishi. Uvumi huharibu kazi kuliko habari mbaya. Maana aliyepata habari hupanga matumizi yake, bali aliyepata uvumi hupanga kuondoka.

La pili, mzigo uanzie kwa wakubwa. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia Taifa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtu aweza kubishana juu ya adhabu ile. Lakini hawezi kusema kwamba Mwalimu aliwatwika wengine mzigo asioubeba mwenyewe. Mkuu atumiaye gari la kazi kwa safari zake, huku akiwanyima makarani karatasi, asishangae wakimtii kwa midomo tu.

La tatu ni haki na heshima. Kazi za waliopunguzwa zigawanywe sawasawa, zisirundikwe mezani kwa yule asiyejua kukataa. Aliyefanya vema asifiwe mbele ya wenzake, na barua iwekwe katika jalada lake, ili iwe shahidi siku ya kupandishwa cheo. Kijana naye afundishwe kazi ya aliye juu yake, apate kuona kwamba mbele yake pana njia.

Nasi makarani tusiseme, "Mshahara mdogo, kazi ndogo." Mjane ajaye kuulizia mirathi amelipa nauli ile ile iliyopanda. Kumwambia "Njoo kesho" bila sababu ni kumtoza nauli mara mbili. Malalamiko yetu ni ya haki, lakini mahali pake ni kwa mwajiri, kwa maandishi, kupitia chama. Si kwa raia aliyesimama dirishani.

Kwa hiyo naomba mkutano huu uazimie mambo mawili. Kila tawi lianzishe mfuko wa kuweka na kukopa, ili mwanachama asimkimbilie mkopeshaji wa riba kubwa. Tena wakuu wa sehemu waombwe kukutana na watumishi wao mara moja kila mwezi, wawape habari na kuwasikiliza.

Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Neema itakaporudi, na itukute tungali watu wa kazi.