Umeme Kutoka kwa Spiriti: Metali Ghali Juu ya Unga wa Kaboni



Methanoli inajulikana nchini Kenya kwa ubaya wake. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi baada ya kunywa pombe haramu yenye methanoli, na wengine wakapofuka. Kioevu hicho hicho kinaweza kuwasha taa au redio bila moto wala kelele za jenereta, kikitiwa katika kifaa kiitwacho seli ya fueli.

Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, akiwemo George Olah aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1994, walishirikiana na Jet Propulsion Laboratory kuunda seli inayotumia methanoli iliyochanganywa na maji. Upande mmoja huingia mchanganyiko huo, upande wa pili hewa, na katikati kuna utando unaopitisha protoni. Kila molekuli ya methanoli hutoa elektroni 6, ambazo hulazimika kuzunguka kupitia waya. Mzunguko huo ndio umeme.

Methanoli haiachii elektroni kwa hiari. Huhitaji kichocheo, na kilicho bora ni platini, metali ghali ambayo kwa sehemu kubwa huchimbwa Afrika Kusini. Kipande kizima cha platini ni hasara tupu, kwa kuwa kazi hufanyika juu ya uso wake tu. Hapo ndipo kaboni inapoingia. Unga mweusi wa kaboni, unaofanana na masizi ya sufuria, una vinyweleo vingi mno: gramu moja huwa na uso wa zaidi ya mita 200 za mraba, kuliko uwanja wa mpira wa wavu. Unga huo hukorogwa katika maji yenye chumvi ya platini, kisha hutiwa kemikali inayoigeuza chumvi kuwa chembe za metali za nanomita chache, zikashikamana na kaboni. Kaboni pia hupitisha umeme, kwa hiyo elektroni hazikwami.

Tatizo lililosumbua zaidi ni kaboni monoksidi, gesi ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Methanoli inapovunjika, gesi hiyo hung'ang'ania platini na kuiziba. Dawa yake ni ruteniamu. Ikichanganywa na platini, huvuta oksijeni kutoka kwenye maji na kuikabidhi kaboni monoksidi, ambayo hugeuka kaboni dioksidi na kuondoka.

Je, kwa nini isitumike ethanoli, ambayo nchini hutengenezwa kwa molasi ya miwa, kama huko Muhoroni? Swali ni la haki, maana ethanoli haina sumu kali kama methanoli na molekuli yake inaweza kutoa elektroni 12. Ila atomi zake mbili za kaboni zimeshikana sana. Platini mara nyingi hushindwa kuzitenganisha, na ethanoli huishia kuwa asidi ya siki baada ya kutoa elektroni 4 tu. Mwaka 2009, watafiti wa Brookhaven National Laboratory, Marekani, walichanganya platini, rodiamu na oksidi ya bati juu ya kaboni, na kifungo hicho kikavunjika katika joto la kawaida. Rodiamu nayo ni adimu na ghali, kwa hiyo kazi bado ipo. Isitoshe, chembe hizo husogea na kugandamana kadiri seli inavyotumika, uso ukapungua na umeme ukafifia.

Kwa sasa seli zinazouzwa, hasa Ulaya, kwa ajili ya vituo vya hali ya hewa na kamera za barabarani, hutumia methanoli katika madumu yaliyofungwa. Macho na pua haviwezi kutofautisha methanoli na pombe ya kawaida. Anayeshukiwa kuinywa afikishwe hospitalini mara moja hata akionekana mzima, kwani madhara yake huweza kuchelewa kwa saa nyingi.