Mzee, Hujachelewa Kuacha Sigara

Ndugu zangu wa Masasi na Newala, mzee mmoja aliniuliza darasani: "Mwalimu, nimevuta tangu ujana. Nikiacha leo nitapata nini?"

Atapata miaka. Mwaka 1951, huko Uingereza, wataalamu Doll na Hill walianza kuwafuatilia madaktari wanaume zaidi ya 34,000, wavutaji na wasiovuta. Matokeo ya miaka 50 yalitolewa 2004. Aliyeacha akiwa na miaka 30 aliongeza maisha yake kama miaka 10. Aliyeacha na 60, kama miaka 3. Misimu mitatu ya korosho hiyo!

Siku za kwanza ni ngumu, sikudanganyi. Hasira, usingizi hauji. Hamu ikikushika, kunywa maji, shika jembe. Baada ya dakika chache inapungua. Ila usihamie ugoro, nikotini ni ileile.

Mzee yule kiberiti chake sasa kinakaa jikoni.