Watoto Wanne, Meza Moja: Kupanga Mwaka wa Masomo ya Nyumbani



Haya ni mazungumzo tuliyofanya na wazazi wa Bumula. Tumeyaandika hapa kwa faida ya yule ambaye hakuweza kufika.

Wazazi wangu wa Kimaeti, Khasoko, Siboti na Kabula, na wewe unayesoma haya ukiwa mbali. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, na mwaka 2026 unabisha hodi. Kuna wazazi wanaofikiria kuwasomesha watoto nyumbani mwaka mzima. Mmoja amelemewa na michango ya shule, mwingine ana mtoto anayeugua, mwingine haridhiki na yanayoendelea darasani. Leo sikuja kukwambia fanya au usifanye. Nimekuja kukwambia kwamba ukiamua kufanya, kaa chini kwanza upange, hasa kama una watoto wa umri tofauti, maana hapo ndipo wengi wanakwama kufikia mwezi wa tatu.

Tuanze na sheria kabla ya madaftari.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, bila malipo na ya lazima. Angalia vizuri: haki hiyo ni ya mtoto. Si ya baba, si ya mwalimu mkuu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na anayekaidi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka 1, au yote mawili. Na sheria hiyo hiyo, inapoeleza shule ni nini, haihesabu mahali ambapo mafundisho yote, au sehemu kubwa, ni ya dini. Kwa hiyo kumwambia chifu, "Huyu wangu anasoma madrasa," hakukusaidii kitu. Wala usidhani haya ni mambo ya Nairobi. Mwaka 2019, hapa hapa Magharibi, upande wa Kakamega, mzazi alikamatwa kwa kusomesha watoto wake nyumbani, na suala hilo likafika Mahakama Kuu.

Sasa jiulize sababu yako ni ipi. Kama mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule ya msingi ya umma kwa sababu ya pesa, hiyo ni haki inayovunjwa, na dawa yake si kumkalisha nyumbani. Nenda ofisi ya mkurugenzi wa elimu ya kaunti ndogo, peleka malalamiko kwa maandishi, baki na nakala iliyopigwa muhuri. Kama mtoto ana ulemavu, mpeleke kituo cha EARC akafanyiwe tathmini, ili akisomea nyumbani iwe kwa utaratibu unaojulikana. Na hata wewe uliyeamua kwa moyo wako, zungumza na ofisi hiyo kabla ya Januari. Usijifiche. Anayejificha ndiye anayeshukiwa.

Jambo la pili ni mitihani, na hapa ndipo mtoto anaumia bila mzazi kujua. Zamani mtu aliweza kusema, "Nitamtafutia shule akifika mwaka wa mwisho, afanye mtihani." Mtaala wa sasa hauendi hivyo. Alama za Gredi ya 6 hazitoki kwenye mtihani wa KPSEA peke yake. Ni asilimia 60 tu. Asilimia 40 ni kazi za tathmini zilizofanywa Gredi ya 4 na ya 5. Na katika KJSEA ya Gredi ya 9, asilimia 20 inatoka KPSEA, asilimia 20 inatoka tathmini za Gredi ya 7 na 8, kisha 60 ndiyo mtihani wenyewe. Sasa hebu fikiria msichana wa miaka 14 ambaye hakuandikishwa popote. Anaingia chumba cha mtihani akiwa ameshapoteza alama 40 kabla hajashika kalamu. Kwa hiyo mwenye mtoto wa Gredi ya 4 kwenda juu, kubaliana mapema na shule iliyosajiliwa na Baraza la Mitihani, KNEC, ambako tathmini zake zitafanywa na kuingizwa. Bila hilo, mpango wote ni hewa.

Haya, tukishamaliza hayo, tuje mezani.

Chukua mfano wa nyumba yenye watoto wanne: wa miaka 5 yuko PP2, wa 8 yuko Gredi ya 3, wa 11 yuko Gredi ya 6, wa 14 yuko Gredi ya 9. Mzazi mpya atajaribu kuendesha shule nne ndani ya sebule moja. Kufikia wiki ya pili amechoka, ya tatu anapiga kelele, ya nne watoto wako barabarani. Usifanye hivyo. Gawa masomo mafungu mawili: yale ambayo watoto wote wanaweza kusoma pamoja, na yale ambayo kila mmoja lazima asome peke yake.

Ya peke yake ni machache: kusoma, kuandika na hesabu. Hapo kila mtoto anatembea kwa hatua yake. Ya pamoja ni mengi: sayansi, kilimo, jamii, dini, hadithi, kazi za mikono. Mada ni moja, kazi tofauti.

Chukua shamba, kwa sababu hapa Bumula kitabu hicho kila nyumba inacho. Pima kipande cha mita 10 kwa mita 6 cha mahindi. Wa PP2 anahesabu mbegu kumi kumi. Wa Gredi ya 3 anapima kwa kamba, sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mashimo. Wa Gredi ya 6 anapiga hesabu: mistari 8, mashimo 40 kwa kila mstari, jumla 320. Wa Gredi ya 9 anaandika bei ya mbegu, mbolea na kibarua, kisha wakati wa kuvuna anapima kwa gorogoro na kuwaambia wazazi kama walipata faida au walijidanganya. Somo ni moja, na wewe mwalimu umejiandaa mara moja tu.

Kalenda je? Fuata mihula ya serikali, usibuni yako. Miwili ya kwanza ina wiki 13 na 14, wa tatu wiki 9, jumla 36. Lakini usipange wiki zote 36 kama shule ya malaika. Panga 30, sita ziache wazi. Kuna malaria, kuna matanga, kuna mvua inayoharibu barabara ya Siboti. Mwezi wa tatu na wa nne ni kupanda. Ramadhani ya 2026 inaangukia Februari na Machi, ndani ya muhula wa kwanza, kwa hiyo masomo mazito yasogeze asubuhi mapema. Na Agosti ya mwaka wenye namba shufwa mnaijua wenyewe, ni msimu wa tohara kwa Wabukusu. Hata kama nyumba yako haihusiki, kijiji kizima kiko barabarani na akili ya kijana haiko kwenye aljebra.

Siku nayo iwe fupi. Shuleni kipindi cha Gredi ya 1 hadi 3 ni dakika 30, cha Gredi ya 4 hadi 6 ni 35, cha sekondari msingi ni 40. Tumia hizo hizo. Saa mbili hadi saa mbili na nusu asubuhi, wote pamoja: hadithi au kusoma kwa sauti. Kisha mdogo kuliko wote kwanza, kwa sababu akichelewa atawasumbua wengine. Akimaliza aende kucheza, usimlazimishe kukaa. Anafuata wa Gredi ya 3, halafu chai, halafu wa 6, mwisho wa 9. Mmoja akiwa na wewe, wengine wana kazi ya kuandika uliyowapa tangu jana. Kabla ya saa sita umemaliza mazito. Alasiri ni ya shamba, madrasa na mchezo.

Sasa nataka kusema neno moja zito kidogo. Katika nyumba nyingi mpango huu unaangukia mabega ya msichana mkubwa. Mama yuko sokoni, baba yuko kwenye miwa, na yule wa miaka 14 anakuwa mwalimu wa PP2, mwalimu wa Gredi ya 3, mpishi na yaya. Jioni unamuuliza, "Umesoma nini leo?" Kimya. Huyo hajasomeshwa nyumbani, ameajiriwa bila mshahara. Kumsaidia mdogo kusoma nusu saa ni jambo jema, hata yeye linamjenga. Zaidi ya hapo umemdhulumu. Andika saa zake ukutani, na ziheshimiwe kama saa za kijana wa kiume. Kama hakuna mtu mzima wa kukaa na watoto kila asubuhi, basi jibu lako limepatikana: warudishe shule, na mkutane jioni.

Weka rekodi. Daftari kubwa moja: tarehe, nani alisoma nini, amekwama wapi. Kila mtoto awe na faili yake ya kazi. Kila mwisho wa mwezi mpe mtu mwingine, mwalimu jirani au shangazi aliyesoma, awajaribu watoto. Mzazi huona mtoto wake ni hodari siku zote. Miongozo ya mtaala iko bure kwenye tovuti ya KICD; chapisha ya gredi zako, mgawane gharama nyumba tatu au nne.

Na watoke nje. Makumbusho ya Kitale yapo tangu 1926. Kinamasi cha Saiwa, hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote Kenya, iko karibu na mji huo huo, na ndani yake anaishi nzohe. Mlima wa Chetambe pale Webuye ni historia ya Wabukusu dhidi ya Waingereza mwaka 1895. Safari moja kwa muhula inatosha: mdogo achore, wa kati aandike aya, mkubwa aandike ripoti.

Mwaka 2020 shule zilifungwa mwezi Machi na watoto wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Wakati ule tulishtukizwa, hakuna aliyetulaumu. Safari hii tuna wiki kadhaa kabla ya Januari. Leo usiku chukua karatasi, andika majina ya wanao, andika gredi, andika nani atakaa nao asubuhi. Hicho kipengele cha mwisho kikibaki tupu, usiendelee mbele.

Allah atuwafikishe katika amana hii. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.